Maana ya Kapa katika Viendeshi vya Vifaa: Mfano wa Kiini cha Linux

0. Utangulizi

Mtu anapohifadhi barua katika diski ya kompyuta, kisha akaipeleka kwenye mashine ya kuchapia, vitu viwili visivyofanana hata kidogo vinatumikishwa kwa amri zilezile: kufungua, kuandika, kufunga. Barua ni faili lililolala katika diski. Mashine ya kuchapia ni chombo chenye wino na magurudumu. Hata hivyo programu inayoviandikia haina haja ya kuijua tofauti hiyo. Kinachoificha ni kiini cha mfumo endeshi, yaani ile programu ya msingi inayokaa baina ya vifaa na programu nyingine zote na kuzigawia haki ya kuvitumia.

Ndani ya kiini, kila aina ya kifaa ina kiendeshi chake. Kiendeshi ni mfano wa mkalimani: hupokea amri za jumla kutoka juu na kuzigeuza ziwe lugha ambayo kifaa fulani kinaielewa. Viendeshi vya Linux huandikwa na watu wengi wa nchi nyingi, ambao mara nyingi hawajapata kuonana. Je, inawezekanaje kazi za mikono mingi namna hiyo zimjibu mtumiaji kwa namna moja?

Makala hii inakusudia kueleza jinsi upatanisho huo ulivyotafutwa katika kiini cha Linux. Mkazo utawekwa juu ya swali moja, dogo kwa umbo lakini zito kwa matokeo: kiendeshi kisiposema neno kuhusu amri fulani, kimya chake kifasiriwe vipi? Wanaisimu wanalifahamu swali hili. Ni swali la mofimu kapa.

1. Asili ya kanuni: kifaa kama faili

Kanuni ya kukitendea kifaa kama faili ilipata umaarufu kutokana na mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, nchini Marekani, na Ken Thompson pamoja na Dennis Ritchie. Katika makala yao ya mwaka 1974, waandishi hao walitaja faida tatu za mpango huo. Kwanza, kusoma na kuandika kwa kifaa hufanana iwezekanavyo na kusoma na kuandika kwa faili la kawaida. Pili, jina la kifaa na jina la faili huandikwa kwa namna moja, hata programu iliyotarajia kupewa jina la faili yaweza kupewa jina la kifaa. Tatu, vyote viwili hulindwa kwa utaratibu uleule wa ruhusa.

Mafaili hayo maalumu huwekwa katika saraka iitwayo /dev. Kila moja lina namba mbili: namba kuu, inayoelekeza kwenye kiendeshi kinachohusika, na namba ndogo, inayotofautisha vifaa vilivyo chini ya kiendeshi hicho. Katika Linux, kwa mfano, /dev/null, ambalo humeza kila linachoandikiwa, lina namba 1 na 3. /dev/zero, ambalo hutoa sifuri bila kikomo, lina namba 1 na 5. Namba kuu ni moja, kwa kuwa yote mawili yanahudumiwa na kiendeshi kimoja.

Hata hivyo, usawa huo una mpaka. Faili la diski lina mwanzo, kati na mwisho. Msomaji wake ana alama ya mahali alipofika, na anaweza kuisogeza mbele au nyuma apendavyo, kama mtu anayefunua kurasa za kitabu. Lakini baobonye la kompyuta halina kurasa. Herufi iliyokwisha kubonyezwa na kusomwa imepita. Haiwezekani kurudi nyuma kwenda kuisoma tena. Basi amri ya kusogeza alama, iliyo ya kawaida kabisa kwa faili la diski, inakuwa na maana gani kwa baobonye, kwa kipaza sauti, au kwa kipimo cha joto?

Kinyume chake pia ni kweli. Kuna mambo ambayo kifaa kinayahitaji na faili la diski haliyahitaji, kama vile kuweka mwendo wa mawasiliano. Kwa ajili ya hayo, toleo la 7 la Unix, la mwaka 1979, lilileta amri iitwayo ioctl. Amri hiyo ni kama kapu: kila kisichopata nafasi katika kusoma na kuandika hutiwa humo. Kapu hilo lilirahisisha kazi, lakini pia lilifungua mlango kwa kila kiendeshi kuwa na desturi zake.

2. Jedwali la shughuli na nafasi iliyoachwa wazi

Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza kuandika kiini cha Linux mwaka 1991, naye akaifuata kanuni ya Unix. Katika kiini hicho kila kiendeshi hutoa jedwali linaloitwa file_operations. Kila mstari wa jedwali ni wa shughuli moja: kufungua, kusoma, kuandika, kusogeza alama, kupokea ioctl, kufunga. Katika kila mstari mwandishi wa kiendeshi huweka kielekezi kinachoonyesha mahali ilipo sehemu ya programu itakayoitekeleza shughuli hiyo.

Halazimiki kuijaza mistari yote. Mstari usiojazwa huwa na kielekezi kapa. Hapo ndipo kiini kinapolazimika kuamua lenyewe la kufanya.

Mfano wa Kiswahili unaweza kusaidia. Neno "tunda" halina kiambishi cha ngeli kinachosikika; wala neno "kalamu" halina. Lakini msemaji husema "tunda limeiva" na "kalamu imepotea", bila kusitasita. Kimya ni kilekile katika maneno yote mawili. Tafsiri yake inatolewa na kanuni za sarufi, na tafsiri hiyo huonekana wazi katika kiambishi cha kitenzi. Vilevile, anayesema "Soma!" hakutaja nafsi yoyote, lakini kila msikilizaji anajua kwamba ameambiwa mtu mmoja, kwa sababu kuna "Someni!" iliyo ya wengi. Kapa, basi, si utupu. Kapa ni ishara ambayo maana yake imewekwa na jamaa ya wasemaji. Wakiibadilisha kanuni, maneno yote yenye kapa yanabadilika maana bila kubadilika umbo.

Katika Linux, kanuni ya zamani kuhusu mstari wa kusogeza alama ilikuwa hii: kiendeshi kikinyamaza, na faili likiwa halikutangazwa kuwa lisilosogezeka, kiini kitaisogeza alama kwa njia ya kawaida, kama kwamba kifaa ni faili la diski. Programu ikitaka kusogea hadi baiti ya 1000, kiini kinaandika 1000 katika kumbukumbu yake na kujibu kwamba kazi imefanyika. Ikiwa kiendeshi hakiitazami alama hiyo kamwe, hakuna kilichosogea. Programu imepewa jibu la "ndiyo" ambalo halina ukweli nyuma yake.

Madhara ya jibu kama hilo si ya kinadharia. Programu nyingi huulizia aina ya faili kwa kujaribu kusogea: zikikataliwa, zinajua kwamba zinashughulika na mkondo wa data usiorudi nyuma, nazo hutumia njia nyingine. Zikikubaliwa kwa uongo, huendelea kusoma zikidhani ziko mahali fulani, kumbe ziko pengine.

3. Kufuli kubwa

Tatizo la kapa lilikuja kudhihirika kwa sababu ya tatizo jingine. Mwaka 1996 toleo la 2.0 la Linux liliiwezesha mashine yenye prosesa zaidi ya moja kutumia kiini kimoja. Lakini sehemu kubwa ya kiini ilikuwa imeandikwa kwa dhana kwamba kazi moja tu ndiyo inayoendelea ndani yake kwa wakati mmoja. Ili dhana hiyo isivunjike, liliwekwa kufuli moja kwa kiini kizima. Prosesa iliyolishika iliingia. Nyingine zilingoja nje.

Kufuli hilo lilikuwa dawa ya haraka, na kama ilivyo kwa dawa nyingi za haraka, likageuka kuwa desturi. Miaka ilivyopita sehemu nyingi za kiini zilipewa makufuli yao madogo. Lakini viendeshi vya vifaa vilibaki chini ya kufuli kubwa katika mambo matatu: kufungua kifaa, kutekeleza ioctl, na kusogeza alama kwa njia ya kawaida. Mwandishi wa kiendeshi hakuliona kufuli hilo katika kazi yake, maana lilishikwa na kiini kabla kiendeshi hakijaitwa. Kwa hiyo viendeshi vingi vilikuwa salama bila waandishi wao kujua kwa nini viko salama. Kuliondoa kufuli kulikuwa sawa na kuondoa nguzo katika nyumba ambayo ramani yake imepotea.

Njia iliyofuatwa ilikuwa ya kulishusha kufuli ngazi kwa ngazi. Katika toleo la 2.6.11, la Machi 2005, jedwali liliongezewa mstari mpya, unlocked_ioctl, ambao kiini hukiita kiendeshi bila kufuli. Mstari wa zamani ulibaki kando yake kwa wale ambao hawajawa tayari. Mwaka 2008 Jonathan Corbet aliongoza kazi ya kulitoa kufuli katika mlango wa pamoja wa kufungulia vifaa vya herufi na kuliweka ndani ya kila kiendeshi kilicholihitaji. Badiliko hilo liliingia katika toleo la 2.6.27. Kwa mtumiaji hakuna kilichobadilika siku hiyo. Kwa waandishi kulikuwa na badiliko kubwa: kitu kilichokuwa kimejificha sasa kiliandikwa waziwazi, nacho kiliweza kuchunguzwa na kuondolewa kimoja kimoja. Uchunguzi huo uliwalazimisha waulize, kwa mfano, kama kuna kiendeshi kinachotangaza kifaa chake kabla hakijamaliza kukitayarisha, hata mtu akaweza kukifungua kikiwa nusu.

Mstari wa zamani wa ioctl ulifutwa katika toleo la 2.6.36, la Oktoba 2010. Likabaki suala la kusogeza alama.

4. Kujaza mapengo, mwaka 2010

Kwa nini kusogeza alama kulihitaji kufuli? Alama ni namba yenye biti 64. Prosesa ya biti 32 huiandika kwa mikupuo miwili. Kazi mbili zikiishika alama moja kwa wakati mmoja, moja yaweza kusoma nusu mpya na nusu ya zamani, ikapata namba ambayo hakuna aliyeiandika. Kufuli lilizuia hilo. Lakini kufuli la kiini kizima kwa ajili ya namba moja ya faili moja ni gharama isiyo na sababu, hasa pale ambapo kiendeshi hakiitumii namba hiyo.

Arnd Bergmann, aliyeongoza hatua za mwisho za kuliondoa kufuli kubwa, alikabili hali ifuatayo: viendeshi vingi mno vilikuwa na kapa katika mstari huo. Kubadilisha maana ya kapa kwa siku moja kungevigeuza vyote pamoja, na programu ambazo zilikuwa zikipata "ndiyo" zingeanza kukataliwa. Hapa iligusa kanuni ambayo Torvalds ameisisitiza mara nyingi: kiini hakina ruhusa ya kuiharibu programu ya mtumiaji iliyokuwa ikifanya kazi jana. Upatanisho ulitakiwa, lakini si kwa gharama ya ahadi.

Suluhisho lilikuwa kuliondoa kapa kwanza, kila mahali, kwa kuandika waziwazi kile lilichomaanisha, na baada ya hapo tu kubadilisha kanuni. Kazi ya kupitia viendeshi vyote kwa macho ingechukua muda mrefu na kuzaa makosa. Kwa hiyo kilitumika chombo kiitwacho Coccinelle, kilichotungwa na Julia Lawall, Gilles Muller na wenzao. Jina hilo ni la Kifaransa, na wasomaji wa Kongo watalitambua: ni yule mdudu mdogo wa mviringo mwenye madoadoa, ambaye hula wadudu waharibifu wa mimea. Chombo hicho hakitafuti maneno tu, bali miundo. Mtu hukipa kanuni yenye umbo la "popote penye hili na lile, bila lile jingine, ongeza hili", nacho hupitia msimbo wote, kikizingatia sarufi ya lugha ya C.

Kanuni alizozitoa Bergmann zilifuata mantiki hii. Kama kiendeshi kinatangaza wakati wa kufunguliwa kwamba hakisogezeki, mstari wake ujazwe no_llseek, yaani kukataa. Kama sehemu yake ya kusoma au ya kuandika inaitumia alama, ujazwe default_llseek, yaani kusogeza kwa njia ya kawaida. Kama yaweza kuthibitishwa kwamba alama haitazamwi popote, ujazwe noop_llseek: shughuli ambayo haifanyi lolote ila haikatai.

Hiyo ya tatu inastahili kutazamwa kwa makini, maana ndipo ulipo mgongano wenyewe. Kwa upande wa ukweli, kifaa kisichosogezeka kingepaswa kukataa. Kwa upande wa uaminifu kwa watumiaji, kifaa kilichokuwa kikijibu "ndiyo" kwa miaka mingi hakipaswi kugeuka ghafla. Shughuli ya noop_llseek ilichagua uaminifu, ila kwa sharti: maelezo ya badiliko hilo yaliwaagiza waandishi wa viendeshi vipya wasiitumie, bali wakatae tangu mwanzo; na viendeshi vya zamani vigeuzwe pale tu ambapo msimamizi wake ana hakika kwamba hakuna programu inayotegemea jibu la zamani. Kosa la kale lilihifadhiwa kama deni linalojulikana, lisiongezewe jingine.

Baada ya mapengo kujazwa, kanuni ilibadilishwa katika toleo la 2.6.37, lililotolewa Januari 2011. Tangu hapo kapa katika mstari wa kusogeza alama lina maana ya kukataa, na programu hupewa kosa liitwalo ESPIPE, ambalo jina lake limetokana na bomba, yaani mkondo usiorudi nyuma. Kusogeza kwa njia ya kawaida nako kuliachana na kufuli kubwa na kutumia kufuli la faili husika peke yake. Miezi michache baadaye, katika toleo la 2.6.39 la Mei 2011, kufuli kubwa lilifutwa kabisa katika kiini.

5. Majina yaliyobaki nyuma

Mwanaisimu atavutiwa na mabaki ya kazi hiyo. Jina default_llseek, ambalo maana yake ni "kusogeza kwa chaguo la msingi", limebaki ingawa si chaguo la msingi tena: anayelitaka lazima aliandike. Jina unlocked_ioctl nalo, lenye maana ya "ioctl isiyo na kufuli", linatumika bado ingawa ioctl yenye kufuli ilikwisha kutoweka mwaka 2010. Ni visukuku vya lugha: vinahifadhi umbo la tofauti ambayo haipo tena.

Wala suala halikuishia mwaka 2011. Mwaka 2014, katika toleo la 3.14, kiini kilianza kuifunga alama ya faili la kawaida wakati wa kusoma na kuandika, ili kazi mbili zisiandike mahali pamoja. Badiliko hilo lilikuwa la haki kwa mafaili ya diski. Lakini kuna mafaili ambayo kiini kinayahesabu kuwa ya kawaida, kumbe kwa tabia ni mikondo. Mfano ni faili ambalo programu hulitumia kuzungumza na mfumo wa Xen. Programu moja ilikaa ikisoma, ikingoja ujumbe. Nyingine ikataka kuandika, ikakuta alama imefungwa na msomaji. Msomaji alingoja jibu ambalo lisingekuja bila mwandishi kuandika, na mwandishi alingoja msomaji amalize. Wote wawili wakakwama. Mwaka 2019 Kirill Smelkov alileta njia ya kufungua iitwayo stream_open, ambayo hutangaza kwamba faili ni mkondo na halina alama yoyote ya kulindwa. Hapo pia Coccinelle ilitumika kutafuta viendeshi vyenye tabia hiyo.

Hatua ya mwisho ni fupi, nayo inafunga mzunguko. Kwa kuwa kapa lilikwisha kupata maana ya kukataa, neno no_llseek lilikuwa likirudia kile ambacho kimya kilikwisha kusema. Mwaka 2022 lilifanywa kuwa jina jingine tu la kapa. Mwaka 2024, kabla ya toleo la 6.12, Al Viro alilifuta katika msimbo wote. Neno la kukana lililoandikwa wazi liliondoka, na kimya kikachukua kazi yake.

6. Hitimisho

Kisa hiki kinaonyesha kwamba upatanisho katika mfumo mkubwa haupatikani kwa kutunga kanuni nzuri pekee. Kanuni ya kukitendea kifaa kama faili ilikuwapo tangu 1969. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya kile kisichosemwa. Njia iliyofaa ilikuwa na hatua tatu: kukitamka waziwazi kila kilichokuwa kikimaanishwa kimyakimya, kuibadilisha kanuni wakati ambapo hakuna tena anayeitegemea ya zamani, kisha kuachia kimya kibebe maana mpya. Anayeruka hatua ya kwanza huvunja kazi za watu ambao hawajui hata kwamba walikuwa wakiitegemea kanuni hiyo.

Watungaji wa istilahi za Kiswahili wana la kujifunza hapo. Maneno yaliyotumika katika makala hii, kama vile kiini, kiendeshi, kielekezi, kufuli na alama ya mahali, hayawezi kumwongoza mwanafunzi iwapo kila mwandishi atayapa maana yake bila kuitaja. "Kiendeshi" chenyewe kinatumiwa na wengine kwa maana ya kifaa cha kusomea diski, na wengine kwa programu inayokitumikisha kifaa. Kila upande unadhani maana yake ndiyo ya msingi. Mpaka maana zote mbili ziandikwe wazi na mojawapo ikubaliwe, msomaji atakuwa katika hali ileile ya programu iliyoambiwa kwamba imesogea hadi baiti ya 1000, kumbe haijasogea.